Ratiba ya Nyumba ya Msanifu

3 Februari

Kwa Mama Sisimizi,

Hunijui, na sitakulaumu ukiichana barua hii kabla hujafika mwisho. Mimi napima macho katika duka la miwani. Mwezi huu ukiisha nahamia kwa Msanifu, aliyekuwa mume wako, na ndoa itafuata. Maana yake nitakaa nyumba moja na mwanao.

Ameniambia mengi kuhusu maradhi yako, bila chuki hata chembe. Amesema uliondoka asubuhi moja ukamwacha mtoto shuleni, na kwamba ulikuwa ukiandika kwenye daftari kila alichokifanya, mpaka saa aliyofunga mlango. Najua pia kwamba tarehe 28 Aprili ofisi ya ustawi wa jamii itaamua mtoto akae kwa nani.

Sitaki tugombane. Nakuandikia, kwa nia njema kabisa, nijue mambo mawili. Je, mtoto ana ugonjwa wowote wa kurithi ambao anayemlea anapaswa kuujua? Na je, kwa faida yake, usingekuwa radhi kuliacha shauri lile mpaka upone?

Sisimizi mwenyewe hajambo. Juzi alinibebea mkoba, kiti na mwavuli kwa mpigo mmoja kutoka getini, akakataa kusaidiwa. Nikaelewa jina lake limetoka wapi.

Nangoja jibu la kiungwana.

Mpima Macho


9 Februari

Kwa Mpima Macho,

Sikuichana. Mimi ni fundi saa; situpi kitu kabla sijakifungua nikaona ndani.

Barua yako imeandikwa na watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyemwona mwanangu akibeba kiti, na mistari yake nimeisoma mara nne. Wa pili ni yule anayesema "kwa nia njema kabisa". Maneno hayo nimekaa nayo miaka kumi na moja. Yakitangulia, kinachofuata kina ncha. Niambie: aliisoma kabla hujaitia posta, au alikaa kando akikutajia?

Sasa majibu. Mtoto hana ugonjwa wa kurithi. Mimi sina maradhi, nina daftari. Nililinunua juma lile Msanifu aliponiambia kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeomba kuacha kazi. Sikuomba. Lakini alilisema kwa upole, na kwa uhakika mkubwa, hata nikakaa siku tatu nikijitafuta nililisema lini na tulikuwa chumba gani. Tangu hapo kila siku naandika, na tarehe na saa.

Ama kumwacha mtoto, sikiliza. Tarehe 14 Machi mwaka jana, saa tatu asubuhi, niliondoka na begi moja. Nilikuwa nimekodi chumba na kutandika vitanda viwili. Saa nane mchana nilifika shuleni kumchukua. Saa saba na nusu baba yake alikuwa ameshampitia. Mpaka leo sijui nani alimdokeza. Kitanda cha pili nakikung'uta kila Jumapili.

Shauri siliachi. Kama unaniandikia ili nichoke, tafuta kazi nyingine. Kama unaniandikia kwa sababu una shaka, andika tena, na safari hii uandike peke yako.

Fundi Saa


16 Februari

Dada,

Aliisoma. Hakunitajia, aliirekebisha tu. Alisema maneno yangu yalikuwa ya kitoto, akaniwekea ya watu wazima.

Jibu lako limefika dukani, maana nilikosea nikaandika anwani ya kazini badala ya nyumbani kwake. Kila siku ananiuliza kama umejibu, nami nasema bado. Ni uongo wangu wa kwanza kwake. Sijui kwa nini nimeusema, na usidhani nimeusema kwa ajili yako. Najua walioachana hawakosi la kusemana.

Kwa sababu ukweli ni kwamba mtaa mzima unamsifu. Mama wa ghorofa ya chini, anayebebewa mtungi wa gesi na Msanifu mpaka jikoni, kaniambia nimeokota dodo. Mama yangu mzazi anamwita "mwanangu" kuliko anavyoniita mimi. Nikijiuliza wote hao wamekosea na wewe mmoja umepatia, najiona mjinga.

Ila kuna jambo dogo. Jumanne funguo zangu za duka zilipotea nikiwa kwake. Alinisaidia kuzitafuta, mpole kabisa, tukainua mpaka magodoro. Mwisho akazikuta mwenyewe kwenye droo ya mkate. Akanishika shavu akasema, "Mpenzi, umeanza kuchoka wewe." Nilicheka. Nilipofika kazini nimechelewa, nilikuwa sicheki tena, kwa kuwa ile droo nilikuwa nimeshaifungua.

Sisimizi amengʼoka jino la pembeni. Kalifunga kwenye karatasi na kuandika juu yake jina lako.

Mpima Macho


24 Februari

Mdogo wangu,

Nimekaa na hilo la jino kutwa nzima, kazi haikwenda.

Funguo: tarehe 2 Juni, mwaka wa tatu wa ndoa yetu, droo ya mkate. Tarehe 19 Juni, ndani ya kiatu cha mvua. Tarehe 3 Julai nilimwomba awe anazishika yeye. Hapo hazikupotea tena.

Saa ikiwa na hitilafu, hairudii kosa kwa kupenda. Imeundwa hivyo, na fundi akishalijua kosa lake anaweza kukaa kitako akalingoja. Basi nikuambie ya kungoja. Atasema kazi inakuchosha. Kisha rafiki yako mmoja, yule unayecheka naye zaidi, ataonekana hana adabu. Utamtetea kidogo. Hapo atanuna, siku tisa, bila kukusemesha hata salamu. Ataongea kupitia mtoto. Siku ya kumi ataleta kitu kizuri, na wewe ndiye utakayeomba radhi.

Yasipotokea, nitakuwa mgonjwa kweli na utamwambia afisa hivyo. Yakitokea, usihamie.

Fundi Saa


12 Machi

Dada,

Nilikuwa nimeshahamia barua yako ilipofika.

Umekosea kitu kimoja. Alinuna siku nane. Fundi mzima, saa yako inakwenda mbele siku moja. Natania, lakini leo nimemwandikia mteja namba ya lenzi isiyo yake.

Rafiki alikuwa wa mapokezi hapa dukani, eti amemtazama kwa dharau. Nikasema ndivyo macho yake yalivyo, mimi ndiye ninayeyapima. Basi. Kuanzia hapo ikawa, "Sisimizi, mwambie anti alete maji." Na mimi nimekaa palepale, goti langu karibu liguse lake. Mtoto aligeuka, macho kwenye kitambaa cha meza, akasema, "Anti, baba anasema lete maji, tafadhali." Ile tafadhali ilikuwa yake mwenyewe. Siku zote nane aliiongeza.

Kisha ikaja bangili. Nilijikuta naivaa huku naomba radhi, na ningeulizwa kosa langu, nisingelijua.

Nimeamua. Tarehe 28 Aprili nitaingia kwa afisa niseme nilichokiona. Mtoto huyu si wa kufanywa simu. Lakini nahitaji kujua yanayokuja, nisiwe naduwaa kila mara. Niandikie yote, na siku zake kama unaweza.

Mpima Macho


17 Machi

Mdogo wangu,

Ninaweza. Nimekaa Jumapili yote na madaftari saba, nikalinganisha miaka, na kurasa nne ulizozishika ndiyo matokeo. Sijawahi kufanya kazi safi kama hii, wala sikujua kwamba maisha yangu yale yangekuja kumfaa mtu.

Mstari wa kwanza usiusahau. Kati ya tarehe 20 na 23 atalia. Ni machozi ya kweli, ya mtu aliyeonewa na dunia nzima, na atakusihi umwambie kasoro yake ni ipi. Usimwambie. Mimi nilimwambia mara tatu, na kila nilichomwambia kilirudi miezi baadaye kimegeuzwa kuwa changu.

Tarehe 24 au 25, atakuta umeacha jiko linawaka. Hutakuwa umeliacha. Tarehe 28, wageni: atakusifu mbele yao mpaka uone haya, na wakishatoka atakuambia ulivyomwaibisha. Mwisho wa mwezi, habari ya kuacha kazi. Iliyobaki utaisoma mwenyewe.

Karatasi hizi zisivuke kizingiti cha nyumba ile.

Mwambie Sisimizi, ukipata upenyo, kwamba jino na alitunze, nitalichukua mwenyewe.

Fundi Saa


6 Aprili

Dada,

Sijui nianzie wapi, nisikuumize. Umekosea.

Tarehe zako zote nilizinakili kwenye kalenda ya dukani na kila siku naweka alama. Mstari wa kwanza ulipatia. Baada ya hapo, kumi na moja mfululizo imekosea. Jiko halikuguswa. Wageni walikuja, tukacheka, wakatoka, akaosha vyombo. Kuacha kazi, ndiyo kwanza amenichongea rafu ya vitabu vyangu vya macho. Amemwalika yule rafiki yangu wa mapokezi na kumwomba radhi mbele yangu. Funguo nazishika mwenyewe. Hata Sisimizi amelitambua. Jana aliniuliza kama baba anaumwa.

Nimefikiri sana. Labda watu wawili wazuri wanaweza kuwa wabaya wakiwekwa pamoja, na ni heri mliachana. Huenda wewe ulikuwa unaandika kilichotokea kwenu, si alivyo yeye. Sisemi ulidanganya.

Kuhusu tarehe 28, sijui tena nitasema nini. Niache kidogo nipumue.

Mpima Macho


9 Aprili

Mdogo wangu,

Kumi na moja mfululizo. Kama ningekuwa nimebahatisha, ningekosa hapa na kupatia pale. Mtu anayekwepa kila shimo la barabara ameonyeshwa mashimo.

Ameisoma ratiba.

Mstari wa kwanza ulipatia, umesema. Huo ni ule wa kulia. Alilia, akakuuliza kasoro yake. Ulimwambia nini?

Usiniandikie jibu, hakuna muda wa kulaumiana. Usimwonyeshe kwamba umetambua. Tarehe 28 njoo, sema la siku nane na la "tafadhali". Hayo mawili tu. Hayako kwenye ratiba, uliyaona kwa macho yako, na mwanangu yuko ndani yake.

Nakusihi.

Fundi Saa


29 Aprili

Dada,

Uamuzi uliusikia ukumbini kama nilivyousikia mimi. Mtoto abaki kwa baba. Wewe umwone Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mbele ya afisa. Mwakani litazamwe upya. Ambacho hukukisikia ni yaliyosemwa chumbani, kwa kuwa tuliingia mmoja mmoja. Heri uyapate kutoka kwangu.

Kwanza ratiba. Hakunipekua. Uliniambia isivuke kizingiti, nayo ilivuka siku ileile, mkobani, kwa sababu nilitaka kuisoma tena. Tarehe 21 alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, akaniuliza ana kasoro gani hata wanawake wanamkimbia. Kwenye kazi yangu, mtu huketi mbele ya ubao akashikilia kwamba herufi ndizo zilizofifia, macho yake ni mazima. Humbishii. Unamwekea lenzi, anaona, ananyamaza, na wengi hushukuru. Nilidhani itakuwa hivyo. Nikatoa zile karatasi nikamwekea magotini. Alisoma kurasa zote nne bila haraka, akazikunja, akasema asante. Sikuziona tena mpaka jana, ndani ya faili jipya, mezani kwa afisa.

Afisa si mtu mbaya. Alikuwa na mafua, na miwani aliyovaa si ya macho yake. Ilibidi asogeze karatasi mbali ndipo asome. Msanifu alikuwa ameshamweleza kwamba mama wa mtoto anapanga siku za nyumba ya watu kama mwizi anayezipanga kabla ya kuvunja. Afisa aliniuliza kama yaliyoandikwa yalitokea. Nikasema hayakutokea, na kweli hayakutokea. Kisha akaniuliza, polepole, kama nimewahi kuona lolote katika nyumba ile la kumtia mtoto hofu.

Sasa nikurudishe nyuma, asubuhi ileile, mezani. Sisimizi alikuwa amekwenda kuvaa viatu. Msanifu alikuwa ananipakia siagi kwenye mkate. Akasema, bila kuinua macho: "Mtoto akienda leo, tutabaki wawili. Nitakuwa na wakati wote kwa ajili yako." Akatabasamu, akanipa mkate.

Hajawahi kunipiga. Hata hayo maneno, ukimwonyesha mtu yeyote, atasema nimepata mume. Lakini afisa alipouliza swali lake niliiona meza yetu, naye Sisimizi kati yangu na yeye, akibeba maneno huku na huko. Kisha nikaiona bila Sisimizi.

Nikasema sijaona lolote. Na bila kuulizwa nikaongeza kwamba barua zako zimekuwa zikinitia hofu.

Sikusema hivyo kwa kumwamini, wala kwa kumpenda. Nilitaka mtoto awe katikati. Nimeliandika ili lisomeke, nisije baadaye nikajiambia nilisema kingine.

Naomba unisamehe. Ukishindwa, niambie niondoke, nitaondoka. Yule rafiki wa mapokezi ana nafasi kwake, na nguo kidogo nimeshazileta dukani, ziko kwenye begi chini ya meza ya kupimia. Nangoja neno lako tu.

Mpima Macho


6 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Ilitosha.

Siku ile, wewe ukiwa ndani, Sisimizi alitoka msalani akanikuta kwenye benchi. Ni miezi kumi na tatu. Amerefuka. Nilifungua mikono, naye akasimama hatua mbili mbali nami, akatazama mlangoni aliposimama baba yake, akasema, "Shikamoo mama. Baba anasema safari njema." Akangoja jibu la kupeleka. Nikampa jibu la kupeleka. Ningefanya nini?

Nilikuwa na hasira nawe siku tatu. Siku ya nne nilifungua daftari la mwaka jana kutafuta pa kuianzia rufaa, nikafika tarehe 13 Machi, siku moja kabla sijaondoka. Nimeandika kwa mkono wangu: "Kesho mtoto aende shule kama kawaida, ili asishuku." Huyo asiyetakiwa kushuku ni baba yake. Ningeweza kumshika mkono asubuhi ile tukatoka wote. Nilimtanguliza shule ili nyumba iwe tulivu, nipate nafasi ya kufunga begi langu. Niliuita mpango. Mpaka juzi nilikuwa bado nauita hivyo. Ulichokifanya wewe kwa mdomo, mimi nilikifanya kwa miguu.

Msamaha wako nimeuandika kama ombi, na tarehe yake. Sijaandika jibu.

Sasa hilo neno moja unalolingoja. Mtu mwema angeshakuandikia, na ungekuwa njiani. Nimeliandika mara mbili, na mara zote mbili nimeichana karatasi. Ukiondoka, meza ile itabaki na watu wawili, na mmoja wao ana miaka tisa.

Kwa hiyo usiondoke. Najua ninachokuomba, nimekikalia kiti hicho miaka kumi na moja. Mwaka mmoja, mpaka walitazame upya. Lala chumba kilicho karibu na chake. Akinuna, usimwache mtoto awe wa kupokea. Jibu wewe hata kama hakukuuliza. Atakachokufanyia sitakitabiri tena, na wala sitakuambia kwamba kitapita. Niandikie kila Jumamosi, uanze na mtoto, kisha wewe kama nafasi itabaki.

Lile begi lifungue leo. Nguo zirudishe kabatini kabla hajaona pengo.

Mama Sisimizi